Zizi Lililofutwa kwenye Picha

Garissa, Jumatano

Kwa mdogo wangu Salim,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba kifua cha mama kimepungua kubana. Niarifu ukweli, usinifiche kama ulivyonificha mwaka jana. Mimi mwili wangu hauna ugonjwa. Barua hii haipiti posta. Anakuletea dereva wa lori, mtu wa kwetu, kwa sababu ndani yake mna karatasi nisiyotaka ifunguliwe na mwingine. Isome yote kabla hujatoka nyumbani.

Kazi yangu unaijua. Ndege hupita juu ya nyika ikapiga picha, nami huchora juu ya karatasi nyepesi mipaka ya kila kilichomo: kichaka, kisima, boma, ngamia. Tangu vita hivi vianze, wafugaji wameamriwa wakae karibu na vituo vya serikali, na boma likionekana mbali huulizwa swali moja tu: lina nyumba na mbuzi wachanga, au lina ngamia na wanaume peke yao? La kwanza ni la familia, nalo huamriwa kuhama. La pili huhesabiwa kuwa la shifta, waasi wanaopigana na serikali, nao askari hutumwa.

Picha zenyewe ni mbaya. Ndege hutikisika, vumbi hutanda, na kila kitu hutoka kimefifia kingo, tena kimejaa chembe nyeusi ambazo si kitu. Ndiyo maana nilikuandikia mwaka juzi, nawe ukanifundisha hesabu: niigawe picha katika miraba midogo, kila mraba niupe namba ya weusi wake, tangu sifuri hadi tisa, kisha niifute namba hiyo, na mahali pake niweke wastani wa mraba huo pamoja na minane inayouzunguka. Chembe zikatoweka, vitu vikubwa vikabaki, na pale namba ziliporuka ghafla nikapitisha mstari. Mkuu wangu alisema hajaona mistari safi kama yangu. Nami, Salim, nilijivuna.

Wiki iliyopita alinijia mwanamke aitwaye Habiba. Watu wa hapa, ambao huniita Maalim, hunijia niwaandikie barua za maombi, nami siwatozi kitu. Mumewe, Dubow, alikuwa rumande tangu askari walipolivamia boma lao, wakamkamata kisimani, upande wa Bura.

"Andika, Maalim. Andika bwana yangu si shifta. Shifta gani nabeba mama yake mzee juu ya ngamia?"

Nikamwuliza boma lilikuwa wapi, maana ombi lisilotaja mahali halisomwi. Akanieleza: penye kona ya mto mkavu, chini ya kilima chenye vichwa viwili. Nikaacha kuandika. Mahali hapo nilikuwa nimepachora mwenyewe, na pembeni nimeandika: ngamia peke yao.

Kinyume cha kanuni ya ofisi, niliitoa picha kabatini nikaiweka mbele yake pamoja na kioo cha kukuzia. Kioo hakukigusa. Kidole kilikwenda moja kwa moja.

"Hii nyumba yangu. Hii ya mama ya bwana. Hii zizi ya mbuzi ndogo. Sasa lete karatasi yako."

Nikaileta. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Nyumba iko wapi?"

"Nilidhani ni vumbi, mama."

"Fumbi!" Akawageukia wanawake wawili waliomngoja mlangoni, akawaambia jambo kwa Kisomali, nao wakacheka kwa sauti. Yeye hakucheka. "Watoto sita nimezaa ndani ya fumbi. Wewe nasoma shule ngapi, Maalim?"

Alipoondoka niliirudia hesabu. Zizi lilikuwa mraba mmoja wenye saba, umezungukwa na miraba minane yenye moja moja. Saba na nane ni kumi na tano. Gawanya kwa tisa, hupati hata mbili. Zizi limekwisha. Nyumba nazo zilikwisha vivyo hivyo. Hesabu yako haina kosa, wala sikulaumu. Ilinipasa kuirudia picha ya kwanza na kuuliza kila kilichofutwa kilikuwa nini. Kioo nilikuwa nacho, muda nilikuwa nao. Sikutazama, kwa kuwa mstari ulikuwa umekwisha kuwa safi. Askari nao walianza kufyatua risasi wakiwa mbali, kwa sababu karatasi yangu iliwaambia kwamba hapana wanawake.

Asubuhi nilimweleza mkuu wangu, nikamwambia nataka kuliandika kosa langu.

"Karatasi hiyo ilikwisha kutumika, Abubakar."

"Mtu bado yumo ndani, bwana."

"Unajua maana ya kutia sahihi jambo kama hilo?"

"Najua."

"Basi tia. Kisha acha funguo za kabati mezani."

Nikaandika ukurasa mmoja, nikatia sahihi, nikaacha funguo. Siku ya pili yake Dubow alipakiwa kwenye lori pamoja na wengine, wakapelekwa gereza la huko kwenu. Karani amenihakikishia kwamba maelezo yangu hayakwenda naye. Yamebaki kwenye faili hapa.

Kwa hiyo nimeyaandika upya, na nakala imo katika bahasha hii. Nenda nayo gerezani. Usimwachie askari wa mlangoni. Mpe mkuu wa gereza mkononi, na umtake aandike kwamba ameipokea. Akikataa, ipeleke kwa hakimu. Kisha omba kumwona Dubow. Kiswahili chake ni kidogo, basi mchukue yule Msomali mwuza nyama wa mtaani akufasirie.

Msalimie mama, na shangazi yetu, na binamu yetu fundi cherehani. Shemeji yako mwambie narudi bila kazi. Sababu nitamweleza mwenyewe nikifika. Habiba hakunisamehe, nami sikuthubutu kumwomba.

Mwambie Dubow kwamba watoto wote sita wako hapa kituoni, wazima. Akiuliza habari za ngamia, mwambie kweli: walipigwa risasi siku ile ile, hakubaki hata mmoja. Akiuliza habari za mama yake, sema hujui. Alifia njiani, waliposukumwa kuja huku kwa miguu, na Habiba amesema habari hiyo asiitoe mtu mwingine ila yeye.

Mungu akulinde uendapo huko.

Kaka yako,
Abubakar