Punje Zimegeuka Bluu

Shoga uko wapi? Shika simu.

Yale mahindi yetu ya majaribio unayakumbuka? Yenye jeni iliyobadilishwa ili punje isiyafungie madini ya fosforasi, kuku ayapate kirahisi? Kwa kuku mazuri, shambani balaa. Punje nyingi hazioti. Ndiyo maana hayaruhusiwi kutoka kwenye kituo chetu cha utafiti.

Kuyatambua tunasaga punje, tunadondoshea dawa. Ikigeuka bluu, ndiyo yenyewe. Mbegu ya kawaida haigeuki.

Leo mbegu ya kawaida ya kulinganishia nikaichota kwenye gunia la stoo, lile lile wanalowagawia wakulima.

Bluu. Shoga, BLUU. Zote!

Nikaosha vyombo, nikarudia. Bluu tena, kama wino.

Nikamwita mkuu wa maabara. Hata hakuuliza gunia gani. Akauliza, "Nani mwingine ameona?" Nikasema mimi tu. Akamwaga kila kitu kwenye sinki, akafungulia maji, akasimama pale mpaka rangi ikaisha. "Leo hukupima kitu, binti yangu."

Kwa upole kabisa! Eti sikupima!

Nani mwingine ameona. Bado nalisikia hilo swali.

Sasa hivi mama kapiga kutoka shambani. Mbegu aliyopanda ni hiyo hiyo, tena mimi ndiye niliyempelekea. Anasema mvua imekolea lakini hakuna hata mche uliochungulia. Majirani nao wanalia hivyo hivyo. Ananiuliza, watafute mbegu nyingine mapema, au wangoje?

Mkuu alikuwa mlangoni, ananitazama.

Nimemwambia mama wangoje.