Rehani ya Mfalme

Wiki ya Pasaka

Kaka Faelan,
Salamu sana. Kifua kinaendeleaje huko kisiwani kwenu penye upepo? Mimi na watawa wenzangu tu wazima, ila nyumbani kumeharibika. Becan, mchunga mifugo wa mfalme, amekutwa kivukoni amechomwa mkuki, na mkuki ni wa mdogo wetu Conaing. Mfalme ameamuru atiwe kwenye mtumbwi bila kasia, asukumwe baharini, Mungu amhukumu. Lakini asubuhi ile nilimwona kwa macho yangu Dunchad, mwana wa kulea wa mfalme, akiuazima mkuki huo. Nikasema. Hakimu akacheka: "Mama mtawa, tangu lini mwanamke akawa shahidi?" Dunchad mwenyewe katoweka. Wewe ni padri, neno lako zito. Njoo.
Dada yako,
Lassar

Kabla ya Pentekoste

Mdogo wangu Lassar,
Asante kwa salamu, kifua kimetulia. Wewe je, unalala? Dunchad yuko hapa. Amekuja kutubu, na mimi ndiye niliyemsikiliza. Usiniulize alichosema, siri ya kitubio padri haitoi. Nimemsihi arudi akaseme mwenyewe, kanijibu, "Baba, wataniua." Nami siwezi kufungua kinywa, hata kwa ajili ya mtoto wa mama yetu. Inaniuma mno. Kafunge mlangoni kwa mfalme, usile wala usinywe. Akila huku wewe una njaa mlangoni pake, heshima yake imekwisha. Mnyonge hana silaha nyingine.
Kaka yako,
Faelan

Baada ya sikukuu ya Yohana

Kaka,
Hujambo? Mimi sijambo ya mdomoni tu. Nilifunga. Mfalme akaona haya, akatoka na bangili ya dhahabu: "Dada, hii rehani yangu. Kesi itasikilizwa upya. Haya, ingia ule." Sheria unaijua, ukipewa rehani ukakataa kula, haki yako imepotea. Nikala mkate wa shayiri na siagi, tena nikaomba maziwa mengine. Nilipotoka, watu wake walikuwa wameshamsukuma Conaing baharini. Nikimdai mfalme, ananijibu kwa upole kwamba kesi itasikilizwa mshitakiwa akirudi. Upepo ulikuwa ukivuma kuja kwenu. Tazama bahari, kaka. Nisamehe yale maziwa.
Lassar

Mwanzo wa mavuno

Mdogo wangu,
Pole, na pole tena. Usijilaumu, ni mimi niliyekutuma. Hakuna kilichofika. Kila asubuhi baada ya sala nashuka ufukweni, na Dunchad hushuka nami, maana macho yake yanaona mbali kuliko yangu. Juzi alipiga kelele, "Baba, yule pale!" akajitosa majini hadi shingoni. Lilikuwa gogo. Alilia akitetemeka, nikamfunika joho langu, kwa kuwa hapa hana ndugu mwingine.
Kaka yako,
Faelan