Tulimchagua kwa Sababu ya Vibaraza

Jumapili, Manyoni. Manyunyu yamekatika tangu adhuhuri lakini mawingu hayajaondoka. Yamesimama upande wa Kilimatinde, meusi kwa chini, na kila nikitoka nje nayatazama kwanza kabla sijatazama kitu kingine.

Nina hasira, na sijui niielekeze kwa nani. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nieleze tangu mwanzo, maana nikirukaruka nitaishia kujitetea.

Mtaa wetu ni kipande kifupi cha njia kinachoshuka kutoka barabara kuu ya Dodoma hadi karibu na reli. Juu ni maduka, chini ni nyumba za watu. Miaka yote kiangazi tulikula vumbi, mvua zikija tukakanyaga tope. Mteja akiingia kuchagua vitenge dukani kwetu anaacha nyayo nyekundu mpaka kaunta. Mwaka huu sisi wenye maduka tukaamua kuchanga tuweke lami wenyewe. Kibali kikapatikana, kamati ikaundwa. Mwenyekiti ni Baba, kwa kuwa ndiye mkubwa wa mtaa na duka lake ni la zamani kuliko yote. Wajumbe ni Mzee Gwau wa vifaa vya ujenzi na Mama Jose wa mgahawa. Katibu ni mimi, kwa sababu nina mwandiko mzuri na sina mume wa kunisubiri nyumbani, kama alivyosema Mama Jose huku akicheka.

Kazi yetu kubwa ilikuwa moja tu: kuchagua mkandarasi. Tukamchagua, lami ikawekwa kabla ya mvua. Nzuri, nyeusi, laini. Watu wa mitaa mingine walikuwa wanapita kwetu makusudi, na mimi nilijivuna kana kwamba nimeimwaga kwa mikono yangu.

Ijumaa ikanyesha mvua ya kwanza ya kweli.

Ilikuwa mchana, watu wanatoka msikitini. Tulisimama vibarazani tunatazama maji yanavyoteleza juu ya lami bila kuacha hata dimbwi. Mama Jose alipiga makofi. Zamani maji yaligawanyika: mengine yaliingia kwenye mashimo, mengine viwanjani, mengine yakanywewa na mchanga. Siku hiyo yalikuwa na njia moja tu, isiyo na shimo, na yalikuwa yanakimbia. Hakuna aliyejiuliza yanakimbilia wapi.

Bi Veronika akapanda kutoka chini. Ni mjane wa Kigogo, anafuga kuku wa kienyeji na kuwauza kwa abiria wa mabasi. Nyumba yake ndiyo ya mwisho, pale lami inapoishia. Kila siku akipita dukani hunisalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," nami hujibu vibaya makusudi ili acheke. Ijumaa hakusalimu. Alisimama kwenye mvua, miguu mitupu, kanga imemganda mwilini, akasema bila kupaza sauti:

"Zaituni, mmenifungulia mto."

Tulishuka mimi na Mama Jose. Maji yalikuwa yamepita mlango wa mbele na kutokea mlango wa nyuma. Banda la kuku lilikuwa limejaa. Kuku wakubwa walikuwa wameruka juu ya paa, vifaranga wote walikuwa wanaelea pembeni. Gunia la uwele lililowekwa chini lilikuwa limelowa hadi juu. Tulichota maji kwa sufuria mpaka mvua ikapungua yenyewe, si kwa sababu tulifaulu. Nyumba ile ni ya matofali ya udongo. Ukuta wa upande wa barabara umepata ufa ambao mkono wangu unaingia. Mvua mbili tatu za namna hiyo na ukuta utalala.

Jana asubuhi nikampigia Idrisa, mkandarasi wetu. Nilikuwa nimejiandaa kugomba.

"Dada Zaituni, lami ina shida?" akaniuliza.

"Lami haina shida. Maji yote yanaingia nyumbani kwa Bi Veronika."

"Niliwauliza habari ya mtaro, dada. Mkasema vibaraza visiguswe, nitafute namna nyingine. Nikawaambia namna nyingine ni maji kushuka barabarani yenyewe mpaka chini. Mwenyekiti akasema sawa. Wewe ulikuwepo."

Nilikuwepo.

Nilitaka Idrisa awe mwizi. Ningelala vizuri kama angekuwa ametupunja kokoto au amemwaga lami nyembamba. Lakini alifanya kile tulichomwomba, kwa adabu na kwa wakati.

Basi tangu jana narudia kichwani siku ile tuliyochagua.

Kulikuwa na mkandarasi mwingine, anaitwa Ntandu. Alichelewa kuja. Alimwambia Baba "habari," si shikamoo, tena akiwa bado ndani ya gari. Aliposhuka hakuitazama barabara kabisa. Alitembea akitazama vibaraza vyetu, akapiga ukingo wa kibaraza chetu kwa kiatu.

"Hivi vya upande huu vyote vimekaa juu ya njia ya maji," akasema. "Vinakatwa, mtaro unapita hapa mpaka kwenye kalavati inayopitisha maji chini ya reli. Kama hamtaki, tafuteni mtu mwingine."

Mama Jose akasonya. Ntandu akaingia garini, akaondoka.

Alipoondoka tukaanza kutoa sababu. Mzee Gwau akasema mashine za Ntandu ni chache, greda lenyewe ni la kukodi. Mama Jose akasema mtu mwenye dharau vile atakuja kukupangia mpaka jikoni kwako. Baba akasema kijana asiyejua kumsalimia mkubwa hawezi kuijali kazi ya watu. Mimi nikasema Idrisa anaweza kumaliza kabla ya mvua na Ntandu hawezi. Tukakubaliana wote, haraka, tukanywa chai.

Nimezipima sababu zile moja moja. Kweli Ntandu ana mashine chache. Kweli hana adabu. Kweli Idrisa alimaliza mapema. Huo ndio ubaya wake. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu yenyewe.

Tulipokuwa tunatoa sababu zile, neno kibaraza halikutamkwa na mtu.

Mama Jose meza zake ziko kibarazani. Mzee Gwau anapanga mabati na matoroli pale ili yaonekane toka barabara kuu. Cherehani yangu ipo pale, kwa ajili ya mwanga na kwa ajili ya wateja wanaopita. Na Baba, tangu mguu wake wa kulia ulegee, hana mji mwingine. Baada ya alasiri anakaa kwenye kiti chake, na kila apitaye anamwambia shikamoo Mzee Shabani. Ndani ya nyumba ni mgonjwa. Kibarazani ni mwenyekiti.

Leo asubuhi kamati ilikutana, Mama Jose akitokea kanisani, manyunyu yakianza. Tulikaa palepale kibarazani. Mzee Gwau alipendekeza tumwekee Bi Veronika viroba vya mchanga mlangoni. Mama Jose akasema tumnunulie vifaranga wengine. Baba akasema yote mawili ni mema, katibu aandike. Na kila mmoja wetu alikuwa akiongea huku jicho moja liko kwenye lami, anatazama maji yanavyojikusanya.

Kalamu ikanigomea.

"Tulimkataa Ntandu kwa sababu ya vibaraza," nikasema. "Si mashine, si salamu. Ni hiki tulichokikalia."

Mama Jose aligeuka. "Zai, na wewe si ulinyoosha mkono pamoja nasi?"

"Nilinyoosha."

"Basi usituhutubie," akasema Mzee Gwau.

Ana haki. Hilo nalo limenikera mchana kutwa: kwamba ana haki.

Baba alichukua fimbo yake. Sijawahi kumwona akisimama taratibu vile. "Umenivua nguo mbele za watu," akaniambia, akaingia ndani. Kikao hakikufungwa. Mzee Gwau na Mama Jose waliondoka kila mtu kwa upande wake, na mimi nikabaki nimekaa na karatasi tupu, nataka kulia, nataka kupiga kelele, nataka kumfuata Baba nimwombe radhi na wakati huohuo sitaki hata neno langu moja lirudi.

Baada ya swala ya adhuhuri alitoka chumbani amevaa kofia.

"Nishike mkono. Tushuke kwa Veronika."

Hajashuka mteremko ule tangu augue. Tulikwenda pole pole, yeye anakanyaga ile lami kama mtu asiyeiamini. Bi Veronika tulimkuta amepiga magoti anakandika udongo kwenye ufa kwa mikono. Alinawa, akamletea Baba kigoda, akamsalimu kwa heshima zote. Alitukaribisha, jamani. Baba akautazama ukuta. Akatazama mstari wa tope uliobaki ndani, juu ya miguu ya kitanda.

"Mzee Shabani," Bi Veronika akasema, "mlipokaa kuchagua, hapakuwa na mtu wa kushuka kuniuliza?"

Mimi nilitazama chini. Ni swali jepesi kabisa, na katika vikao vyote vile hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria. Nyumba yake haiguswi na lami, kwa hiyo hatukumchangisha, na kwa kuwa hatukumchangisha tulimsahau. Tuliona kama tumemhurumia.

Njiani kurudi Baba alisimama kupumua, akaegemea bega langu.

"Mpigie yule asiyejua kusalimia."

Nikampigia. Ntandu hakucheka wala hakusema "niliwaambia." Alisikiliza, kisha akasema, "Mtaro hauruki nyumba. Kibaraza kimoja kikibaki, maji yanarudi barabarani palepale. Mkikubaliana wote, niite." Akakata simu bila kuaga. Bado hana adabu. Nilikuwa nimesahau nisivyompenda.

Nikaenda kwa Mama Jose. Alikuwa anafuta meza zake. Akasema hana ubishi, ila Gwau atangulie. Gwau akikubali naye atakubali. Nikaenda kwa Mzee Gwau, nikamwamkia, nikamweleza. Akaniambia chake kikatwe mwisho.

"Mwisho baada ya Mama Jose?"

"Mwisho, mwanangu. Baada ya wote."

Kwa hiyo huyu anamsubiri yule, na yule anamsubiri huyu, na mawingu yako pale juu. Nilirudi nyumbani nikapiga mlango mpaka Baba akaniita.

Nikamwambia yote. Nilidhani atasema basi, tumejaribu. Badala yake akaitazama sakafu ya kibaraza. Aliipiga yeye na Mama, kabla mimi sijazaliwa. Mama alikuwa anachota maji, yeye anasawazisha.

"Kesho anza na chetu," akasema. "Wakiona cha mwenyekiti kimevunjwa watakosa pa kuegemea. Lakini nitafutie gari la asubuhi la Kintinku. Nitakaa kwa shangazi yako siku chache. Usianze kabla sijaondoka."

"Sawa, Baba."

Hakusema amenisamehe na mimi sikuuliza. Aliniomba nimletee kahawa. Watu walipita, wakamwamkia, akawaitikia mmoja mmoja kwa jina.

Saa hizi angalau najua kazi ya kesho. Ila nisijidanganye. Tukivunja chetu peke yake tutakuwa na shimo mbele ya duka na mto uleule kwa Bi Veronika. Inawezekana Baba anakosea. Inawezekana wakakaa kwenye vibaraza vyao wakaniangalia navunja changu, wakanisifu, wakaendelea kuuza.

Nyumbani hatuna sururu. Kabla Mzee Gwau hajafunga duka nikaenda kununua. Hakuniuliza ya kazi gani. Mtaa huu hauna siri. Alichukua moja, akaifuta vumbi kwa kitambaa, akakataa hela.

"Chukua ukatumie," akasema. "Ukimaliza kwenu usiirudishe ndani. Iache hapo nje, kibarazani kwangu."

Nikasubiri aongeze neno. Akageuka kuvuta mlango.

Sijui kama ile ni ndiyo. Labda ni ndiyo ya Mzee Gwau, labda hataki tu nimchafulie duka kwa tope. Nimechoka kuwatafsiri watu, na mimi mwenyewe nikiwemo. Kesho jioni nitaiacha palepale alipotaka, katikati ya kibaraza, mahali ambapo hatafungua mlango bila kuikanyaga.