Vinyonga Wangu Kwenye Kabichi

Jumanne. Hapa mtaani Mafiga kuna joto, ila ukitazama juu, milima yote ya Uluguru imezama kwenye ukungu. Nimejifungia ndani tangu nirudi kutoka chuoni.

Namwonea wivu Rehema, mwenzangu wa chuoni. Naandika hivyo hivyo, nisije nikajidanganya kuwa ni uchovu.

Leo ametuonyesha ramani yake ya vinyonga wa Uluguru. Programu yake inachukua mahali walipoonekana, inalinganisha na mvua, mwinuko na aina ya msitu, kisha inakisia kwingine wanakoweza kuwepo. Hesabu ni nyingi mno kwa kompyuta moja, kwa hiyo amezigawa kwa watu waliojitolea sehemu mbalimbali; kompyuta zao zinamkokotolea wakati wenyewe hawazitumii. Watu asiowajua wanamfanyia kazi. Na mimi pia. Wiki tatu nilipanda Mgeta kumtafutia vinyonga, siafu wakanitafuna hadi mapajani.

"Dada, bila miguu yako nisingekuwa na kitu," ameniambia mbele ya wote.

Nina shahada mbili, halafu nasifiwa miguu.

Ndipo nikaona. Upande wa Mgeta, rangi ya vinyonga kwenye ramani imejaa kwenye mashamba ya kabichi, na msitu umeachwa mtupu. Hakuna aliyeshtuka. Mimi nilijua papo hapo kosa ni la nani. Chini ya ile miti simu haikushika setilaiti, nikawa natoka hadi shambani, penye uwazi, ndipo narekodi mahali. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia alinifokea, "We binti, lidude umeliona kule porini, mbona unaliandika kwangu?" Nikacheka. Nilipanga kurekebisha jioni ileile. Sikurekebisha.

Ijumaa Rehema anaipeleka kwa watu wa misitu, na kwa ramani hiyo watachagua sehemu za kulinda zisikatwe miti. Mbele yao ataaibika yeye, si mimi.

Nilinyamaza. Na nilifurahi.

Nimeketi na furaha hiyo mchana kutwa, na kila nikiitazama naona msitu ule ukiangushwa kwa sababu sipendi mwenzangu asifiwe.

Daftari langu lina uelekeo na hatua nilizohesabu kutoka kila mti hadi shambani, kwa hiyo kosa linarekebishika. Saa kumi na moja nimemwandikia: alama za Mgeta si sahihi, nimekosea mimi, na leo niliona nikakaa kimya.

Amejibu upesi. "Kumbe vinyonga wa Mgeta siku hizi ni wakulima! Njoo asubuhi na daftari, dada, turudie wote."

Nitaenda. Lakini mbona hata utani wake umeniuma?