Lenzi Niliyoichagua Sangailu

Garissa mjini,
Jumapili asubuhi.

Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Vipi goti? Ile dawa ya kuchua imekusaidia, au umeiweka juu ya kabati ukasema linapona lenyewe? Sisi tuko salama, alhamdulillahi. Mvua imenyesha mpaka mtaa wetu ukawa tope tupu, na hakuna aliyelalamika. Mume wangu Abdi bado anashinda kwenye soko la mifugo, mimi bado nafundisha gredi ya nne, na mjukuu wako Hamdi anachanganya Kisomali na Kiswahili kwa pumzi moja.

Maneno yako ya Ramadhani hayajanitoka. Uliniambia kwenye simu, "Mwanangu, picha zako zote mmesimama wima kama mmeitwa kwa chifu. Sijui unacheka kwa kuwa una furaha au kwa kuwa umeambiwa ucheke." Nilikujibu kwa mzaha, lakini baada ya kukata simu nilizitazama upya picha zile. Najua ulivyohangaika moyoni nilipoolewa mbali hivi. Nikaamua nikupigie picha za watu wakiwa hawajajipanga.

Kamera ninayo, ila lenzi yake iliingia vumbi mpaka ikawa inakwaruza ukiizungusha. Jirani yetu Fardosa, anayepiga picha upande wa wanawake kwenye arusi, alikuwa na lenzi mbili na alitaka kubaki na moja tu.

"Shule zikifungwa nenda nazo zote kwa mama mkwe wako," aliniambia. "Utakayoipenda ni yako."

Zote mbili zinavuta kilicho mbali, zote zinaanzia pale pale: ukitaka chumba kizima unakipata. Ya kwanza inaishia milimita sabini. Ni nzito kama pasi ya makaa, lakini tundu lake la mwanga linafunguka sana, kwa hiyo inaona hata ndani ya nyumba bila flashi. Ya pili inafika mia na tano. Mtu aliye ng'ambo ya boma unamvuta mpaka unahesabu mikunjo ya macho yake, ila penye mwanga hafifu inapata taabu. Mimi, baba, moyo ulikuwa kwa hiyo ya pili. Niliwaza: nikikaa mbali hawataniona, na wasiponiona hawatasimama kama wameitwa kwa chifu.

Sangailu, kwa mama mkwe, tuliikuta kijani. Ng'ombe wanang'aa, maziwa tele. Siku ya kwanza nilijibanza nyuma ya mti wa mgunga, na mama mkwe na mawifi zangu wakakamua huku wakitaniana. Wifi mdogo alisema jambo, mama akacheka mpaka shungi likamteleza begani. Nikabonyeza. Baba, ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga! Hata kwato za ndama zilionekana.

Tulipokaa kunywa chai Hamdi akachukua kamera akamkimbilia bibi yake. "Ayeeyo, angalia meno yako!"

Mama akaangalia. Kicheko kikamwisha. Kiswahili chake unakijua, ni kile cha sokoni, na picha kwake ni bicha.

"Wewe ilikuwa wapi?"

"Kule kwenye mti, mama."

"Mimi hapana jua. Nywele yangu iko nje, wewe iko kwa mti." Alinirudishia kamera taratibu. "Mimi si twiga. Twiga ndiyo watu nachukua bicha kutoka mbali."

Mawifi zangu waliinamia vikombe. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilimwomba radhi, nikaifuta picha ile mbele yake, na nakiri kidole kilisita. Alinitazama nikifuta, akatikisa kichwa.

"Kama wewe nataka bicha, kuja karibu. Wewe si mgeni. Kaa, kula, biga."

Asubuhi yake nikafunga ile nzito. Kibanda chake cha kupikia hakina dirisha. Mwanga unaingia mlangoni tu, na moshi unauchuja. Nikakaa kwenye mkeka karibu naye kiasi kwamba goti langu liligusa lake. Mwanzoni aliinua shingo, akakaza midomo. Chifu alikuwa amerudi! Sikupiga. Nilikula anjera, zile chapati zao laini za maji, nikamsimulia jinsi Hamdi alivyomsahihisha mwalimu wa madrasa, nikamsaidia kuchochea moto. Polepole shingo ikashuka. Akawa anamimina rojo la unga kwenye kikaango kwa mviringo, Hamdi akiegemea mgongo wake na kumpulizia sikioni. Nikafungua tundu mpaka mwisho, nikapiga.

Kwa kujaribu niliweka na ile nyingine. Uso wa mama ulitoka sawa kwa kuwa ametulia, lakini Hamdi akawa ukungu mtupu; mtoto hangoji mwanga. Basi nikarudisha nzito, na shingo iniume ikitaka.

Mama alidai kuona kila picha. Moja akasema hapana, nikaifuta. Zilizobaki akazirudia, kisha akanyoosha mkono. "Lete."

Akaibeba kamera kwa mikono miwili. "Hii ni jiwe!" Nikamwonyesha pa kubonyeza. Nilikuwa bado natafuna, Hamdi amenirukia shingoni, nikaanza kumkemea, kicheko kikanishinda. Hapo ndipo aliponipiga picha.

Fardosa alipoona picha alicheka sana, akasema nimembakizia ile nyepesi na mgongo wake unashukuru. Akaichapa ile aliyoipiga mama mkwe pamoja na nyingine. Nimempa mwalimu mwenzangu anayekuja likizo huko Kwale akuletee pamoja na barua hii. Usizishike kwa mikono yenye samli.

Msalimie mama mdogo, mwambie asinichoke kwa maswali ya mapishi. Msalimie kaka mkubwa na mkewe, wifi yangu asiyependa simu, na shangazi aliyenisuka siku ya nikaha. Jirani yetu fundi cherehani naye asisahaulike.

Picha aliyoipiga mama mkwe utaitambua: imelala upande, kichwa changu kimekatwa juu, na mdomo wangu umejaa anjera. Kila nikipiga simu Sangailu ananiuliza hata kabla ya salamu, "Baba yako ameona bicha yangu?" Tafadhali baba, msifu.

Nakuombea afya na usingizi mwororo,

Binti yako,
Mwanaisha