Nimeishinda Mashine ya Kukunia Nazi

Jumamosi, hapa Pujini. Mvua ya asubuhi imekatika na jua limetoka jipya kabisa. Nna furaha, ila bega halina.

Naandika kwa kidole kimoja. Cha kushoto.

Watu wote wa hapa wanajua, kwa kukuna nazi hajazaliwa wa kunishinda. Maulidi yote naitwa mimi. Umeme nimeukataa nyumbani kwangu tangu nguzo zilipofika. Mikono ninayo, umeme wa nini?

Leo kaja binti yangu Salma, mwalimu wa historia huko Wete, na mashine yake ya kukunia. Eti Waingereza zamani walikuwa na mikono miwili kama sisi. Kuni zikawapungukia, wakachimba makaa ya mawe, moto ukazungusha magurudumu, mtu mmoja akafanya kazi ya watu mia. Ndipo wakatuacha mbali.

Nikamwambia hao hawakuniona mimi.

"Basi baba, tushindane. Ukishindwa, mama anatiliwa umeme."

"Na nikishinda?"

"Hatuusemi tena."

Tukakaa uani kwa jirani mwenye umeme, wali wa maulidi unapopikwa. Nazi ishirini zake, ishirini zangu. Mimi niko ya tatu, yeye ya kumi na tano! Machozi yakanilenga, nikasingizia jasho.

Mara umeme ukakatika.

Wallahi sikupumzika. Nilikuna mpaka ya ishirini, Salma kashika kifuu anangoja. Ua mzima ukapiga vigelegele.

Kumbe kikombe cha kahawa sikiwezi kukinyanyua. Mke wangu, Bi Time, akaninywesha huku anacheka.

"Bega hilo, baba Salma? Mimi langu laniuma hivyo miaka yote. Nazi mbili kila siku, hujaniuliza hata mara moja."

Kweli. Mimi hukuna penye watu wa kunitazama. Nyumbani hukuna yeye.

Nimewaza sana. Labda wale Waingereza hawakutushinda nguvu. Walipumzisha mabega mapema, wakapata nafasi ya kufanya mengine. Sisi tukabaki kujisifu, na wake zetu wakabaki na mbuzi ya kukunia nazi.

Jumatatu naenda mwenyewe kuomba umeme. Asiseme mtu nimeshindwa! Nimeshinda, na mshindi ndiye mwenye kauli. Nami nasema uingie.

Ila mbuzi yangu haitupwi. Ukikatika tena, watamwita nani?