Sauti ya Shangazi Imo Kwenye Albamu, Mwenyewe Amenyamaza

Mpendwa Mama Akello,

Naomba msaada, lakini kabla ya shida nishukuru kwanza, maana shangazi yangu alinifundisha kwamba mtu haingii nyumba ya watu na kilio bila salamu. Nakushukuru wewe kwa sababu ni kwenye kipindi chako cha redio wimbo wangu ulichezwa mara ya kwanza Tororo, ulisema "huu sijui ni muziki gani lakini mabega yangu yanajua," na mimi nilikuwa sokoni nanunua nyanya, nikapiga yowe mpaka mwenye nyanya akadhani ameibiwa. Naitwa Shallon, nimezaliwa Sikuda, upande wa Uganda, shule nimesomea Busia ya upande wa Kenya, niko na miaka ishirini na sita na albamu moja, inaitwa Njia za Panya, kwa heshima ya vile vijia vya nyuma ambavyo sisi watu wa mpakani tunapita kila siku bila kuulizana wewe ni wa wapi.

Hiyo albamu nimeitengeneza na prodyuza wangu Oketcho, wa Mukuju, kwenye chumba kilicho nyuma ya kinu cha kusaga unga, tulibandika magodoro ukutani, tukawa tunarekodi mchana saa ile kinu kinazimwa watu wakale, kwa hiyo ukisikiliza vizuri mwisho wa wimbo wa tatu utasikia kinu kinawaka na mimi naharakisha kumaliza ubeti. Oketcho ni mtu wa hip-hop, mimi napenda kiitikio kitamu ambacho hata mtoto atakishika, na baba yake Oketcho akatuazima tongoli, kile kinanda cha nyuzi cha Wapadhola, tukakiwekea midundo mizito, nikaghani kwa Kiswahili na Kisamia, basi tulipopeleka redioni upande wa Kenya wakasema huu ni muziki wa Uganda, upande wa Uganda wakasema Kiswahili hiki ni cha Kenya, rudisheni kwenu, na mchambuzi mmoja akaandika mtandaoni kwamba tumepika pilau, ugali na chapati kwenye sufuria moja. Tukakaa miezi miwili hakuna mtu. Waliotuokoa ni akina mama wanaouza mukene, wale samaki wadogo wa kukausha, Mungu awabariki kabisa kabisa, walianza kuimba wimbo wa saba wakipepeta samaki, watu wa boda wakauchukua, harusi zikauchukua, sasa napita njiani watoto wananiitia maneno yangu mwenyewe, na Jumamosi ya wiki ijayo tunaizindua albamu Tororo, uwanjani, kitu ambacho nilikuwa naota tu nikichota maji.

Shida iko kwenye huo wimbo wa saba.

Unaitwa "Rudi." Baba yangu, Maloba, alikuwa mtu wa baiskeli pale mpakani, kabla pikipiki hazijajaa, alivusha abiria na mizigo yao kati ya geti na geti, na alikuwa na msemo wake, kwamba abiria hashushwi katikati, hata mvua inyeshe, hata geti lifungwe, atazunguka naye huko na huko mpaka amfikishe. Amefariki miaka minne iliyopita. Mama alitangulia nikiwa mdogo, aliyenilea ni dada yake baba, Shangazi Nasirumbi, na huyo ndiye Sikuda nzima wanamwita mtu akifa, anazunguka boma na fimbo yake akimwita marehemu kwa jina, anataja aliyoyafanya, mpaka hata waliokuja kwa ajili ya chakula wanalia. Siku ya kumzika baba nilimrekodi kwenye simu, karibu robo saa nzima, ibaki kumbukumbu. Oketcho alipoisikia aliruka, akachukua pale tu shangazi anapoita kwa Kisamia, "Maloba wee, rudi nyumbani, baiskeli inakungoja," akakikata kipande hicho na kukizungusha, yaani maneno hayo yanarudi na kurudi kuanzia mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, na mimi naimba juu yake. Nilipousikia mara ya kwanza nililia, nikamshukuru Mungu kwamba baba amepata pa kukaa. Albamu ilipokwisha kutoka nilimpigia shangazi simu, nikamwambia sauti yako imo, mtandao ulikuwa unakatikakatika, akasema sawa mwanangu, basi nikajua tumemaliza.

Mwezi uliopita kulikuwa na harusi Sikuda na shangazi alikuwepo, wakaupiga, banange, jamani, watu walicheza mpaka wapishi wakaacha masufuria, mimi nikasimama juu ya kiti kumpungia mkono, nikamwona anaweka sahani yake ya wali chini, taratibu, anajifuta mikono, anatoka. Wiki iliyofuata Mzee Egesa, jirani yetu, akafariki, wakaenda kumwita shangazi kama kawaida, akakataa kutoka nyumbani, akawaambia, "Mimi nalia ya nini? Chukueni simu, sauti yangu iko huko." Mzee Egesa akazikwa kimya, Mama Akello, mzee mzima wa watu, wanawe wananitazama kama mimi ndiye nimemwua. Nikaenda kumwalika shangazi kwenye uzinduzi, nikamwambia nimekuwekea kiti cha mbele, kitambaa cha gomesi, lile gauni la mama zetu la sherehe, nimenunua, akanitazama sana kisha akasema, "Nitakuja ukishamwambia baba yako aende." Baba yangu! Aliyezikwa miaka minne iliyopita! Nikaogopa, nadhani uzee umeanza kumwingia kichwani.

Oketcho anasema nisijali, wazee huwa hivyo, atazoea. Rafiki yangu Tracy anasema shangazi ana wivu kwa sababu mimi nimejulikana. Mimi siamini, maana mwanamke huyu alivua viatu vyake mwenyewe akanivisha niende mtihani. Nisaidie, je, nimpeleke hospitali, au nimwachie tu, au nimekosa mahali? Uwanja utajaa watu, lakini kile kiti kimoja kikiwa kitupu sijui nitaimbaje.

Ni mimi,
Shallon, Busia

*

Mama Akello anajibu:

Shallon mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka kwa ajili ya nyanya, ya pili nilikasirika, ya tatu nikavua miwani. Asante kwa kuandika. Na asante kwa albamu, hilo nilitoe mbele ili ujue anayekugombeza ni mtu anayekupenda. Miaka yote tumeambiwa muziki wetu uchague upande. Wewe na huyo kijana wa Mukuju mmekataa kuchagua, na mimi mwanamke wa Kipadhola kutoka Kisoko nikasikia tongoli ya babu zangu inaongea na maneno ya vijana wa leo, nikasema kumbe bado tuko hai. Huyo wa pilau na chapati mwache ashinde njaa.

Sasa njoo hapa nikuvute sikio.

Hospitali? Unataka kumpeleka hospitali mtu pekee kwenye hadithi hii mwenye akili timamu? Shangazi yako amekwambia shida yake waziwazi, kwa maneno machache, na wewe umeyaandika vizuri na mkono wako mwenyewe halafu hukuyasoma. "Nitakuja ukishamwambia baba yako aende." Mimi si Msamia, lakini nimezika mama, nimezika mume, na wanaolia matanga nimekaa nao jikoni nikiwapa maji ya kunywa. Wote wana mwanzo na wana mwisho. Mwanzoni anamwita marehemu arudi, anambembeleza, anamlaumu, maana uchungu lazima utoke. Mwishoni anamwachia. Anamwambia haya, nenda, tumekubali, usitazame nyuma. Bila hilo la mwisho hajamlilia mtu, amemfunga kamba tu.

Kachukue ile simu yako yenye robo saa. Usisikilize pale Oketcho alipokata, sikiliza dakika za mwisho. Kama hutamsikia shangazi yako akimruhusu kaka yake aende zake, niite mwongo redioni mchana kweupe.

Umeona mlichofanya? Mmechukua mahali pa kuita, mkapazungusha. Pa kumwachia mkapaacha kwenye simu. Kwa hiyo kila harusi, kila kituo cha boda, kila meza ya mukene, Maloba anaitwa arudi nyumbani, anaitwa, anaitwa tena, na hakuna anayemwambia nenda. Na anayemwita ni dada yake, kwa sauti yake mwenyewe, hata akiwa amekaa kwenye harusi ya watu anakula wali wake. Mwanamke huyo atawezaje kwenda kwa Mzee Egesa kumwambia aende salama, na wa kwake mwenyewe anaitwa kutwa nzima? Si wivu. Huyo Tracy mwambie nimesema afunge mdomo.

Na Oketcho usimwekee lawama zote. Hajui Kisamia, alisikia sauti nzuri akaishika, ndiyo kazi yake. Wewe ndiye unajua lugha. Wewe ndiye ulikuwa pale boma linazungukwa. Halafu mtu aliyekuvisha viatu vyake ukampigia simu yenye mtandao mbovu, albamu imeshatoka! Huko ni kuomba ruhusa au ni kutangaza? Umemshukuru baba wa Oketcho kwa tongoli yake ya kuazima, umewashukuru wauza mukene, umenishukuru hata mimi ambaye nilibonyeza kitufe tu. Sauti ya shangazi uliiazima kwa nani? Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke. Sikwambii wewe punda, mwanangu, nakwambia tu miguu yako iangalie.

Basi fanya hivi. Kesho, siyo Ijumaa ya mwisho ukiwa na haraka, kesho, nenda Sikuda. Beba sukari, beba sabuni, beba na mukene kutoka kwa wale akina mama waliokuinua, umwambie wanamsalimu. Simu iache kwenye mfuko, izimwe. Oketcho abaki Mukuju na vinasa sauti vyake. Ukifika usikae sebuleni kama msanii, ingia jikoni, osha vyombo kama vipo, na hapo hapo piga magoti useme, "Shangazi, nilichukua bila kuuliza, na nilichochukua nilikikata. Nisamehe." Usiongeze "lakini." Usitaje Jumamosi, usitaje kiti wala kitambaa.

Akikaa kimya, kaa naye kimya. Akikugombeza, pokea. Siku akikusamehe, ndipo umwombe yeye mwenyewe aseme huo wimbo ufanywe nini. Anaweza kukwambia chukua na ule mwisho wa kwenye simu uuweke, wimbo umalizike kwa kumwachia baba yako. Anaweza kutaka amlilie Maloba upya, kwa sauti ya leo, na wewe urekodi yote bila mkasi. Na anaweza kusema utoe. Hapo ndipo nitajua umelelewa na nani, maana akisema utoe, unautoa, hata kama ndio uliokufikisha uwanjani. Una nyimbo nyingine, nimezisikia, zinatosha kabisa. Shangazi unaye mmoja.

Baada ya hapo, nyinyi wawili, mwende kwa watoto wa Mzee Egesa. Kama atakuwa tayari kulia, mzee wao bado anangoja, kaburi halikimbii. Wewe beba fimbo yake na maji ya kunywa, utembee nyuma yake.

Na mimi nina la kuungama. Nimeucheza "Rudi" kwenye kipindi hiki sijui mara ngapi, nikitikisa mabega, na nina umri wa kutosha kujua mwanamke anayeita maiti anavyosikika. Sikujiuliza. Kuanzia leo nimeusimamisha mpaka uniletee jibu kutoka Sikuda, na ukimkuta shangazi mwambie Akello wa Kisoko anaomba radhi pia, na anamshukuru, maana ile sauti yake ndiyo iliyonifanya nikae pembeni nimkumbuke mume wangu bila kuumia, mara ya kwanza tangu aondoke.

Shallon, umeniandikia mwenyewe kwamba baba yako hakumshusha abiria katikati, geti limefungwa au halijafungwa. Sasa yeye ndiye amepanda, na wewe ndiye umeshika usukani wa hiyo baiskeli. Umemfikisha katikati, ukapiga breki ili watu wacheze. Kanyaga, mwanangu, umvushe.

Jumamosi nitakuja. Kiti changu kiweke karibu na cha shangazi yako, na kama hatakuja, changu pia kiache kitupu.